Je, Wajua? Sentimita 10 Zinazoigeuza Honda Monkey

Honda Monkey ni pikipiki ndogo kiasi kwamba mtu mzima akiikalia, magoti humpanda hadi karibu na usukani. Hata hivyo ina wapenzi Japani, Thailand, Ulaya na Marekani, na wengi wao hawaiachi ilivyotoka kiwandani. Wakishaongeza nguvu ya injini, hutafuta swingamu ndefu, yaani ule mkono wa chuma unaotoka nyuma ya injini na kushika tairi la nyuma, pamoja na shokapu za kuendana nayo. Kazi inaonekana ya bolti chache tu. Lakini swingamu inagusa karibu kila kitu kwenye pikipiki: uzito, cheni, breki, usukani, stendi hadi madigadi. Haya hapa ya kujua kabla hujashika spana.

CHIMBUKO

Je, wajua kwamba Monkey ilianza kama mchezo wa watoto? Mwaka 1961 Honda iliunda pikipiki iitwayo Z100 kwa ajili ya bustani ya michezo ya Tama Tech, pembezoni mwa Tokyo. Rimu zake zilikuwa za inchi 5. Injini yake ya cc 49 ilitoka kwenye Super Cub, pikipiki iliyoingia sokoni mwaka 1958.

Je, wajua kwamba Z50M ya mwaka 1967, Monkey ya kwanza kuuzwa Japani kwa matumizi ya barabarani, haikuwa na shokapu hata moja? Usukani ulikunjwa, kiti kikashushwa, na pikipiki nzima ikaingia kwenye buti la gari. Mashimo ya barabara yaliishia kwenye matairi, kwenye sponji ya kiti na kwenye kiuno cha dereva.

Je, wajua kwamba Waingereza walitangulia? Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, walitengeneza Welbike, pikipiki ya kukunjwa iliyodondoshwa kwa mwavuli pamoja na askari. Ilikuwa na injini ya Villiers ya cc 98. Nayo haikuwa na shokapu, mbele wala nyuma.

Je, wajua kwamba Monkey ilipata foki za springi kabla ya kupata swingamu? Z50A ya mwaka 1969 ilikuja na rimu za inchi 8 na foki zinazocheza, lakini ekseli ya nyuma ilibaki imefungwa moja kwa moja kwenye fremu. Toleo la Marekani lilipata swingamu na shokapu za nyuma mwaka 1972. Japani ilisubiri Z50J ya mwaka 1974. Kwa hiyo hakikisha mwaka wa pikipiki yako kabla hujaagiza chochote. Ikiwa ni ya kabla ya hapo, hakuna swingamu ya kurefusha.

Je, wajua kwamba Honda Dax, ndugu yake Monkey, ilizaliwa mwaka 1969 ikiwa tayari na swingamu na shokapu mbili? Fremu yake ni ya bati lililokandamizwa, na tangi la petroli limefichwa ndani ya fremu hiyo. Rimu zake ni za inchi 10.

Je, wajua kwamba swingamu yenyewe ni ya zamani kuliko Monkey? Velocette ya Uingereza ilikuwa nayo kwenye pikipiki yake ya mashindano ya KTT Mark VIII mwaka 1939. Mwaka 1950 Norton ilileta fremu ya Featherbed, kazi ya Rex McCandless wa Belfast, na mwaka huohuo Geoff Duke akashinda nayo mbio za Senior TT kwenye Kisiwa cha Man. Baada ya hapo karibu kila mtengenezaji akafuata njia hiyo.

KWA NINI WATU HUREFUSHA

Je, wajua kwamba safari ya swingamu ndefu huanzia kwenye injini? Silinda ya Monkey ya cc 49 ina kipenyo cha milimita 39, na pistoni husafiri milimita 41.4. Ukiweka silinda yenye kipenyo cha milimita 52 bila kugusa kitu kingine, unapata cc 88. Nguvu hiyo ikifika kwenye pikipiki fupi namna hii, tairi la mbele huanza kuinuka kila dereva anapoachia klachi. Hapo ndipo fundi anapoanza kutazama nyuma.

Je, wajua kwamba Monkey za miaka ya mwisho ya cc 50 zina milimita 895 tu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma? Monkey mpya ya cc 125 ilipotoka mwaka 2018 ilikuwa na milimita 1,155. Kwenye pikipiki kubwa sentimita 10 si badiliko la kutisha. Kwenye Monkey ndogo ni zaidi ya asilimia 11 ya urefu wote huo.

Je, wajua uzito unahamaje? Tuseme pikipiki ina kilo 68, dereva ana kilo 70, na kitovu cha uzito wao kiko milimita 350 mbele ya ekseli ya nyuma. Tairi la mbele linabeba kilo 54 hivi. Rudisha ekseli nyuma milimita 100, na tairi hilohilo litabeba kilo 62. Dereva hajasogea hata kidogo, lakini mbele pameongezeka kilo 8.

Je, wajua kwamba mchomoko unaohitajika kuinua tairi la mbele unategemea vitu viwili tu: umbali wa kitovu cha uzito kutoka ekseli ya nyuma, na kimo cha kitovu hicho kutoka ardhini? Katika mfano wetu umbali umetoka milimita 350 hadi 450. Pikipiki sasa inastahimili mchomoko ulioongezeka kwa karibu asilimia 29 kabla pua haijapanda. Hii ndiyo sababu pikipiki za mashindano ya kuchomoka kwenye mstari ulionyooka huwa na swingamu ndefu mno.

Je, wajua kwamba sentimita hizohizo hazikusaidii ukifunga breki ya mbele kwa nguvu? Umbali kutoka kitovu cha uzito hadi ekseli ya mbele haujabadilika, kwa hiyo tairi la nyuma litainuka kwenye breki palepale lilipokuwa likiinuka zamani. Usinunue swingamu ndefu ukidhani umenunua breki salama.

Je, wajua kwamba pikipiki ndefu inahitaji nafasi kubwa zaidi kugeuka? Kwa pembe ileile ya usukani, mduara wa kugeukia hukua kwa kiwango kilekile cha umbali kati ya ekseli. Ongeza asilimia 11 kwenye urefu, na mduara nao utaongezeka kwa asilimia 11 hivi. Ukiwa barabara kuu hutaliona hilo. Ukiwa kwenye uchochoro utaliona mara moja.

SHOKAPU: HAPA NDIPO WENGI WANAPOKWAMA

Je, wajua kwamba swingamu ndefu inaweza kuilegeza shokapu ambayo jana ilikuwa sawa? Swingamu ni wenzo. Ekseli ikirudi nyuma na bolti ya shokapu ikabaki palepale, tairi linapata nguvu zaidi ya kuikandamiza springi. Tena kulegea huko huenda kwa mraba. Swingamu ikitoka milimita 250 hadi 350, ugumu wa springi unaofika kwenye tairi unabaki asilimia 51 tu. Springi ni ileile, lakini tairi linaihisi nusu.

Je, wajua kwamba kusogeza bolti ya shokapu nyuma pamoja na ekseli hakumalizi tatizo? Kichwa cha juu cha shokapu bado kimefungwa kwenye fremu, kwa hiyo shokapu inalala. Ikisimama wima juu ya swingamu, springi hufanya kazi yote. Ikiinama nyuzi 30 kutoka hapo, inabaki na asilimia 75. Ikifika nyuzi 45, asilimia 50. Kwenye nyuzi 60, asilimia 25. Ndiyo maana swingamu nyingi ndefu huuzwa zikiwa na tundu la shokapu mahali pa katikati, mbele kidogo ya ekseli.

Je, wajua kwamba urefu wa shokapu mpya unaweza kuupata kwa hesabu ya pembetatu ya shule? Tuseme shokapu yako ina milimita 265 kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, na kwa sasa imeinama kiasi kwamba tundu la chini liko milimita 72 nyuma ya lile la juu. Kimo chake cha wima ni milimita 255. Swingamu mpya ikisogeza tundu la chini milimita 100 nyuma, umbali wa mlalo unakuwa 172. Zidisha 255 kwa 255, zidisha 172 kwa 172, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: unapata 308. Hiyo ndiyo shokapu itakayoiacha pikipiki kwenye kimo kilekile. Ukirudisha ile ya 265, kiti kitashuka na madigadi italikaribia tairi.

Je, wajua kwamba urefu wa shokapu hupimwa kati ya katikati ya matundu mawili, si kutoka ncha hadi ncha? Atakayepima ncha kwa ncha ataagiza ndefu kuliko anayoihitaji. Pima ikiwa imening'inia bila mzigo, na pima zote mbili. Shokapu za pikipiki ya miaka 50 zinaweza kutofautiana kwa milimita kadhaa kwa sababu springi moja imechoka kuliko mwenzake.

Je, wajua kwamba milimita 20 za shokapu hazileti milimita 20 kwenye tairi? Shokapu iliyofungwa mbele ya ekseli huzidisha. Uwiano wa wenzo ukiwa 1.4, shokapu iliyorefuka kwa milimita 20 inapandisha nyuma ya pikipiki milimita 28.

Je, wajua kwamba kuzungusha ile pete ya chini ya springi hakuifanyi springi kuwa ngumu? Kunapandisha kimo cha pikipiki tu. Ugumu unatoka kwenye unene wa waya, upana wa mzunguko na idadi ya mizunguko. Unene ndio wenye kauli kubwa, kwa sababu unaenda kwa kipeo cha nne: badilisha waya wa milimita 7 kwa wa milimita 8, na springi inakuwa ngumu kwa asilimia 70 zaidi.

Je, wajua kwamba springi ikikatwa mizunguko miwili inakuwa ngumu zaidi na fupi zaidi kwa wakati mmoja? Mafundi wengine huitumia njia hii kuokoa fedha. Lakini ncha iliyokatwa haikai bapa kwenye kikombe chake, springi inasukuma upande mmoja, na ufito wa shokapu unaanza kula sili. Oili ikitoka, shokapu imekufa.

Je, wajua kwamba springi bila oili ni kitanda cha kurukia? Kazi ya springi ni kubeba. Kazi ya oili inayopita kwenye vitundu vya pistoni ni kutuliza mdundo. Bonyeza mkia wa pikipiki kwa nguvu kisha uachie. Ukipanda mara moja na kutulia, oili inafanya kazi. Ukiendelea kupanda na kushuka, kilichobaki ni springi tu.

Je, wajua kwamba shokapu za kawaida za oili haziwezi kulazwa utakavyo? Ndani yake kuna chumba cha akiba chenye hewa juu na oili chini. Ikiinamishwa mno, au ikifungwa kichwa chini, hewa inapenya kwenye valvu na shokapu inapoteza nguvu palepale. Shokapu za gesi, ambazo Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alizifungulia njia, huitenga gesi na oili kwa pistoni ya pili, hivyo zinavumilia kulala. Ukiwa na swingamu ndefu inayoilaza shokapu sana, tofauti hii ni ya kuizingatia.

Je, wajua kwamba kusogeza shokapu kwa makusudi kulibadilisha mashindano ya motokrosi? Mwaka 1973 Håkan Andersson wa Sweden alitwaa ubingwa wa dunia wa cc 250 akiwa na Yamaha yenye shokapu moja iliyolazwa chini ya tangi, wazo la Mbelgiji Lucien Tilkens. Mwaka uliofuata wengine walisogeza shokapu zao mbili mbele kwenye swingamu ili tairi la nyuma lipate safari ndefu. Hesabu ya wenzo waliyoitumia ndiyo unayoitumia kwenye Monkey.

Je, wajua kwamba suala la mzigo na springi linamhusu pia dereva wa bodaboda? Bajaj Boxer inayobeba abiria Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hutumia shokapu zenye springi ndani ya springi, ili dereva akiwa peke yake asirushwe, na akipakia abiria na gunia pikipiki isikae chini.

Je, wajua kipimo rahisi cha kujua kama springi inakufaa? Ukikaa kwenye pikipiki, nyuma ishuke kwa kati ya robo na theluthi ya safari yote ya tairi. Kama tairi linaweza kusafiri milimita 60, ishuke milimita 15 hadi 20. Ikishuka 40, springi ni laini. Ikishuka 5, ni ngumu, na tairi litaruka kwenye kila kokoto.

CHENI NA BREKI

Je, wajua kwamba kila sentimita unayoongeza kwenye swingamu inakudai sentimita mbili za cheni? Cheni inaenda na kurudi. Cheni za namba 420 na 428 zina hatua ya milimita 12.7 kwa kila pingili, kwa hiyo milimita 100 za swingamu zinahitaji milimita 200 za cheni, yaani pingili 16. Na kwa kuwa pingili za ndani na za nje hupokezana, idadi lazima iwe shufwa.

Je, wajua kwamba cheni za 420 na 428 zina hatua sawa lakini haziingiliani? Zinatofautiana kwa upana. Ile ya 428, inayotumika kwenye pikipiki nyingi za abiria Afrika Mashariki, ni pana zaidi na itacheza kushoto na kulia kwenye sproketi ya 420. Usiunge cheni kwa vipande vya namba mbili tofauti. Nunua nzima.

Je, wajua mahali ambapo cheni hubana kuliko pote? Ni pale ekseli ya sproketi ya mbele, bolti ya kiungo cha swingamu na ekseli ya nyuma vinapokaa kwenye mstari mmoja. Toa shokapu, inua tairi kwa mkono hadi vifike hapo, kisha pima mlegeo. Ukipima pikipiki ikiwa juu ya stendi na tairi limening'inia, unaweza kuikaza cheni ambayo itakuja kukatika kwenye tuta la kwanza.

Je, wajua kwamba katika hili swingamu ndefu inakupa nafuu? Tairi husafiri kwa upinde. Likipanda milimita 40 kutoka usawa, swingamu ya milimita 250 huivuta ekseli mbele milimita 3.2. Swingamu ya milimita 350 huivuta milimita 2.3 tu. Mlegeo wa cheni unabadilika kidogo zaidi.

Je, wajua kwamba breki ya nyuma ya ngoma ina vyuma viwili vinavyopaswa kurefuka? Kimoja ni rodi inayotoka kwenye pedali, na hiki kila mtu hukikumbuka. Cha pili ni kile kipande bapa kinachoifunga sahani ya breki kwenye swingamu isizunguke. Hicho husahauliwa, na ndicho cha hatari. Kikiachwa, au kikifungwa kwa bolti dhaifu, ukikanyaga breki sahani inazunguka pamoja na tairi, inaikunja rodi, na gurudumu linaweza kufunga ghafla. Bolti yake iwe na pini ya kuizuia nati isifunguke.

CHUMA NA KIUNGO

Je, wajua kwamba swingamu iliyorefushwa hupinda kuliko urefu wake unavyoonyesha? Kwa bomba la unene uleule, kupinda huenda kwa kipeo cha tatu cha urefu. Ongeza asilimia 20, kupinda kunaongezeka kwa asilimia 73. Toka milimita 250 hadi 350, na kunakuwa mara 2.7. Hivyo swingamu ndefu nzuri huwa na bomba nene zaidi, au daraja la chuma la ziada kati ya mikono miwili.

Je, wajua kwamba alumini ina karibu theluthi moja ya uzito wa chuma, na pia karibu theluthi moja ya ugumu wake? Ndiyo sababu swingamu za alumini huwa za bomba pana la pembe nne. Ukiona swingamu ya alumini yenye mikono myembamba kama ya chuma, iache dukani.

Je, wajua kwamba kukata swingamu ya asili na kuchomelea kipande katikati ndiyo njia mbaya kuliko zote? Joto la kuchomelea hudhoofisha chuma kando ya mshono, nao mshono unakaa mahali panapobeba mzigo mkubwa. Zaidi ya hapo, umeharibu kipuri ambacho hakitengenezwi tena. Ing'oe ya zamani, ipake grisi, ihifadhi. Hapo utaweza kuirudisha pikipiki ilivyokuwa siku yoyote.

Je, wajua thamani ya kile unachokihifadhi? Honda Monkey aliyokuwa akiimiliki John Lennon iliuzwa mnadani Uingereza mwaka 2018 kwa pauni 57,500. Na Honda ilipofunga uzalishaji wa Monkey ya cc 50 mwaka 2017, watu zaidi ya 45,000 waliingia kwenye bahati nasibu kuwania pikipiki 500 za mwisho.

Je, wajua kazi inapokwama kwanza? Kwenye bolti ya kiungo. Katika pikipiki ya miaka ya 1970 bolti hiyo huwa imeshikana kwa kutu na bomba la ndani la bushi. Fungua nati, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu pande zote mbili, uiache ilale usiku kucha. Kesho yake rudisha nati hadi ilingane na ncha ya bolti, kisha ugonge juu ya nati kwa nyundo ya plastiki. Nati inazilinda nyuzi za bolti zisiharibike. Bolti ikianza kusogea, toa nati na uisukume kwa ufito wa chuma mwembamba kidogo kuliko bolti. Ukiona kutu nyekundu katikati yake na sehemu iliyolika, usiirudishe. Bolti hiyo ndiyo inayoshika nusu ya nyuma ya pikipiki.

Je, wajua kwamba bushi za mpira hukazwa pikipiki ikiwa chini, si ikiwa imening'inia? Mpira umegandana na bomba la ndani na la nje, na swingamu inapocheza mpira ndio unaojikunja. Ukikaza nati tairi likiwa limening'inia, basi kila unapokaa kwenye kiti mpira unakuwa umekunjwa muda wote na unachanika mapema. Ishushe pikipiki, ikalie, ndipo nati ikazwe.

Je, wajua kwamba alama za kurekebisha cheni kwenye swingamu mpya hazistahili kuaminiwa hivihivi? Pima kutoka katikati ya bolti ya kiungo hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia. Kisha vuta uzi kutoka ubavu wa tairi la nyuma hadi la mbele, kila upande. Uzi ukigusa upande mmoja na kuachana upande wa pili, tairi limekaa upande, na pikipiki itavuta.

USUKANI NA MENGINE YANAYOFUATA

Je, wajua kwamba kupandisha nyuma kunabadilisha mbele? Inua nyuma ya Monkey milimita 20, na foki zinasimama wima zaidi kwa nyuzi 1.3 hivi. Usukani unakuwa mwepesi, lakini pikipiki inaanza kutapatapa kwenye mwendo. Magurudumu madogo hayana akiba kubwa ya utulivu, kwa hiyo badiliko dogo linasikika. Ukiongeza urefu wa swingamu, usiongeze pia kimo bila sababu.

Je, wajua kwamba kubadilisha rimu za inchi 8 kuwa za inchi 10 pia kunaipandisha pikipiki? Kwa tairi lenye ubavu wa kimo kilekile, ekseli inapanda milimita 25, na kila mzunguko wa gurudumu unakwenda mbali zaidi kwa asilimia 13 hivi. Gia inakuwa ndefu, na spidomita inasoma chini ya mwendo halisi.

Je, wajua kwamba stendi ya pembeni inafupika bila kukatwa? Pikipiki ikipanda, inainama zaidi juu ya stendi ileile, na upepo kidogo unaweza kuiangusha. Irefushe stendi au weka nyingine.

Je, wajua kwamba madigadi haifuati tairi? Imefungwa kwenye fremu. Tairi likirudi nyuma sentimita 10, tope linarushwa nje ya kivuli chake, hadi mgongoni kwa dereva na kwenye taa ya nyuma.

Je, wajua kwamba Ujerumani, ambako Dax ina wapenzi wengi, swingamu isiyo ya asili inahitaji kukaguliwa na kuandikwa kwenye hati za pikipiki kabla ya kuingia barabarani? Japani, kwa upande mwingine, pikipiki za cc 250 na chini yake hazipiti kwenye ukaguzi wa lazima wa mara kwa mara. Popote ulipo, uliza kwanza kwa mamlaka na kwa kampuni yako ya bima. Bima inaweza kukataa kulipa kwa badiliko ambalo haikuambiwa.

KABLA HUJATOA FEDHA

Je, wajua kwamba unaweza kujaribu shokapu ambayo bado hujainunua? Chukua vipande viwili vya flati baa, toboa kwenye kila kimoja matundu mawili yenye umbali uliopata kwenye hesabu yako, na uvifunge mahali pa shokapu. Sasa pikipiki imesimama kwenye kimo itakachokuwa nacho bila mzigo. Usiiendeshe, izunguke na uikague. Cheni ina nafasi juu ya swingamu? Rodi ya breki imenyooka? Stendi inatosha? Miguu yako inafika chini? Kisha toboa tundu jingine kwa urefu wa shokapu ikiwa imekandamizwa hadi mwisho, funga tena, na uangalie kama tairi linagusa madigadi, kiti au ekzosi. Kama linagusa hapa, litagusa pia ukiwa kwenye mwendo na mzigo, na huko hutakuwa na nafasi ya kurekebisha. Andika vipimo viwili vilivyofaa, kile kirefu na kile kifupi, na uende navyo dukani. Duka lenye shokapu inayolingana na vipimo vyote viwili ndilo la kununua. Lenye urefu unaolingana lakini safari isiyolingana, lipite.